Ghala la taifa limejaa, watoto wake wamedumaa

Na Mwandishi Wetu

MTU akiulizwa ni mkoa gani hapa nchini ambako mtoto akizaliwa hawezi kukosa chakula, wengi hawatasita kuutaja Iringa, au Njombe, au majirani zake wa Nyanda za Juu Kusini. Huko ndiko yanakotoka mahindi yanayosagwa Manzese na Tandale, viazi vinavyokaangwa kuwa chipsi katika kila mtaa wa Dar es Salaam, maharage, chai, mbao na, katika miaka ya karibuni, maparachichi yanayovuka bahari. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yaliyoko Makambako, Songea na Sumbawanga hutegemewa pale mikoa mingine inapokumbwa na ukame.

Hata hivyo, matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 yanaeleza jambo lililo kinyume kabisa. Iringa ndio mkoa ulioongoza nchini kwa watoto waliodumaa. Kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa, karibu 57 walikuwa wafupi mno kwa umri wao. Njombe ulifuata kwa asilimia 50, na Rukwa ukawa nao bega kwa bega. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: ikiwa mkoa wenye chakula na fedha unaweza kuwa na watoto wenye hali duni kiasi hicho, je, tunapoilinganisha mikoa na kusema huu ni tajiri na ule ni maskini, huwa tunampima nani? Kwa maana upo uwezekano kwamba tumekuwa tukipima mashamba, viwanda na mapato ya watu wazima, kisha tukadhani kwamba tumewapima na watoto.

Suala hili si la kitaalamu tu. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, nchi ina watu 61,741,120, na karibu nusu yao hawajatimiza umri wa miaka 18. Fedha za kunusuru kaya maskini, walimu, vituo vya afya na miradi ya maji hugawanywa kwa kutazama orodha za mikoa na halmashauri. Orodha ikitumia kipimo kisichomwona mtoto, mgawo nao hautamwona.

Vipimo viwili, ramani mbili

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha umaskini wa mahitaji ya msingi. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kwa Tanzania Bara, uliweka mstari wa umaskini katika Sh49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, sawa na takriban Sh1,644 kwa siku. Aliyetumia chini ya kiasi hicho alihesabiwa kuwa maskini. Kwa kipimo hicho, asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa maskini, ikilinganishwa na asilimia 28.2 mwaka 2011/12.

Nyuma ya wastani huo zimo tofauti kubwa. Vijijini umaskini ulikuwa asilimia 31.3, mijini nje ya Dar es Salaam asilimia 15.8, na Dar es Salaam yenyewe asilimia 8 tu. Rukwa ndio uliokuwa na hali mbaya kuliko mikoa yote, kwa asilimia 45. Simiyu na Geita ilifuata, ikikaribia asilimia 40. Kwa ujumla, ramani ya fedha inaonyesha umaskini ukiwa umejikusanya magharibi na kuzunguka Ziwa Victoria, huku Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma ikiwa miongoni mwa mikoa ya juu kwa pato la mtu mmoja kila takwimu za pato la mikoa zinapotolewa.

Ramani ya pili ni ile ya miili ya watoto wenyewe, na ramani hizi mbili hazilingani. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoonekana pabaya katika zote mbili. Simiyu, uliokuwa karibu na mkia kwa fedha, ulikuwa na udumavu wa karibu theluthi moja ya watoto wake mwaka 2022. Kiwango hicho si cha kujivunia hata kidogo, lakini kiko mbali sana na kile cha Iringa.

Yapo mambo ya kuzingatia kabla ya kuhukumu. Watoto wanaopimwa katika mkoa mmoja huwa ni wachache, hivyo tofauti ya asilimia mbili au tatu baina ya mkoa na mkoa haina uzito mkubwa. Mipaka nayo imebadilika: Njombe ulikuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012, mwaka ambao pia ilizaliwa mikoa ya Geita, Simiyu na Katavi. Kwa sababu hiyo, anayelinganisha Iringa ya leo na ile ya miaka ya 1980 analinganisha maeneo mawili tofauti.

Lakini hata tukizingatia hayo yote, mwelekeo uko wazi. Katika utafiti wa mwaka 2015/16, udumavu Iringa ulikuwa takriban asilimia 42. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ukakuta asilimia 47. Mwaka 2022 ikawa 57. Katika kipindi hicho hicho wastani wa taifa ulishuka kutoka asilimia 34 hadi 30. Njombe kwa upande wake umebaki pale pale, nusu ya watoto, katika tafiti zote tatu. Wakati taifa likienda mbele, mikoa inayolilisha imebaki nyuma au imerudi nyuma zaidi.

Kaya si mtoto

Ili kuelewa jinsi jambo hili linavyowezekana, ni lazima kufahamu namna umaskini wa fedha unavyohesabiwa. Mtafiti huingia katika kaya, huorodhesha kila kilichonunuliwa na kila kilicholiwa, hukithaminisha kwa shilingi, kisha hugawanya jumla kwa idadi ya wanakaya kulingana na umri na jinsia zao. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kilichoingia nyumbani humfikia kila mtu kwa kadiri ya mahitaji yake. Haiulizi nani alikula yai, nani alipakuliwa nyama, wala nani alilala na uji wa jana.

Ripoti ya NBS na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) ya mwaka 2016, iliyotumia takwimu za mwaka 2012/13, ilijaribu kuiziba kasoro hiyo. Badala ya kutazama mfuko wa kaya, ilimtazama mtoto mmoja mmoja: lishe yake, afya, elimu, ulinzi, maji, choo, makazi na upatikanaji wa habari. Matokeo yalionyesha kuwa asilimia 29 ya watoto waliishi katika kaya zilizo chini ya mstari wa umaskini wa fedha, lakini asilimia 74 walikosa mahitaji katika maeneo matatu au zaidi kati ya hayo.

Tofauti kati ya 29 na 74 ndiyo kiini cha suala zima. Mamilioni ya watoto wanaishi katika nyumba ambazo kitakwimu si maskini, na bado hawana maji safi, hawana choo cha maana, au hawapati mlo unaofaa. Shilingi za baba haziwezi kuchimba kisima pale ambapo halmashauri haijachimba, wala haziwezi kuleta muuguzi katika zahanati isiyo na muuguzi.

Kwa upande wa chakula, udumavu una tabia ya pekee. Hauletwi na njaa ya msimu mmoja, bali na upungufu wa muda mrefu, hasa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Anayedumaa katika kipindi hicho ni vigumu sana kurudishiwa alichopoteza, na kinachopotea si kimo tu. Ubongo hujengeka katika siku hizo hizo, na madhara yake huonekana baadaye darasani, kisha kazini, katika ujira.

Sasa mtazame mtoto wa Mufindi au Makete katika siku hizo 1,000. Nyumbani mahindi yapo. Anapofikisha miezi sita huanza kupewa uji wa mahindi, mara nyingi uji mtupu, na baadaye ugali. Tumbo lake linajaa, lakini mwili haupati protini, mafuta, madini na vitamini za kutosha. Mwaka 2022, kwa nchi nzima, ni takriban mtoto mmoja tu kati ya watano wenye umri wa miezi 6 hadi 23 aliyekuwa akilishwa kwa kiwango cha chini kinachokubalika kitaalamu, kwa maana ya aina za vyakula na idadi ya milo. Katika utafiti huo huo, asilimia 59 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu. Hivyo, kushiba na kulishwa vizuri ni mambo mawili tofauti.

Sababu ya pili ni muda wa mama. Kilimo cha Nyanda za Juu kinadai mikono mingi na kwa miezi mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwa wanawake. Mama mjamzito hulima hadi siku za mwisho, na baada ya kujifungua hurudi shambani mapema. Mtoto huachiwa dada wa miaka minane au bibi. Mtoto wa umri huo ana tumbo dogo, anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Akingoja mama arudi jioni, anapata milo miwili, na hata kama milo hiyo ni ya kutosha kwa mtu mzima, yeye haimtoshi.

Sababu ya tatu ni soko. Maharage, mayai, maziwa na kuku wa nyumbani huwa ndiyo benki ya familia. Vinauzwa ili kununua mbolea, kulipa vibarua au kukidhi mahitaji ya shule, na mahindi ndiyo yanayobaki jikoni. Mkulima hafanyi hivyo kwa ujinga. Mbolea isiponunuliwa, mwaka ujao hata hayo mahindi hayatakuwepo. Lakini matokeo yake ni kwamba pato la mkoa linapanda katika vitabu vya takwimu kwa kuuza vile vile ambavyo mtoto alivihitaji.

Ipo sababu nyingine ambayo haizungumzwi sana pale linapojadiliwa suala la lishe, nayo ni ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima mkoani Njombe na asilimia 11.1 Iringa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Dawa za kupunguza makali ya virusi zimeokoa maisha ya wengi, lakini ugonjwa huo umeacha kaya nyingi ambamo bibi au babu ndiye mlezi. Kaya ya namna hiyo ikiwa na shamba zuri inaweza kuhesabiwa kuwa si maskini, ilhali mikono ya kumlea mtoto ni ile iliyokwishachoka.

Asilimia na vichwa

Ikiwa wastani wa kaya unamficha mtoto, wastani wa mkoa unawaficha watoto wengi zaidi. Hapo ndipo mtu anapopaswa kuwa mwangalifu na orodha za nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Chukua Geita. Mkoa huo una moja ya migodi mikubwa ya dhahabu katika Afrika Mashariki. Pamoja na hayo, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake walikuwa chini ya mstari wa umaskini mwaka 2017/18, na mwaka 2022 udumavu ulikuwa karibu asilimia 39. Kwa asilimia, Geita uko nyuma ya Iringa. Lakini Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni tatu Geita, na Iringa watu 1,192,728. Isitoshe, familia za Kanda ya Ziwa huwa na watoto wengi zaidi. Kwa hesabu ya vichwa, basi, watoto waliodumaa Geita ni wengi kuliko wa Iringa. Serikali ikipeleka nguvu zake zote kwenye mikoa mitatu inayoongoza kwa asilimia, itawaacha wengi zaidi huko Ziwa. Ikitazama idadi peke yake, mtoto wa Makete atasahauliwa kwa kuwa ni wa mkoa mdogo. Vipimo vyote viwili vinahitajika, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Dar es Salaam nayo isijione imepona. Asilimia 8 inaonekana ndogo hadi pale inapowekwa juu ya watu 5,383,728 waliohesabiwa mwaka 2022. Kama uwiano ule wa 2017/18 ungekuwa haujabadilika, hao ni zaidi ya watu 400,000, kwa maneno mengine karibu nusu ya wakazi wote wa Mkoa wa Njombe. Watoto wao hawaishi Masaki. Wanaishi bondeni, katika nyumba ambazo mvua za masika huingia hadi kitandani, na kwao maji ni ya kununua kwa dumu. Mtoto wa namna hiyo anaishi kilomita chache kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini, lakini ukaribu huo peke yake haumpi nauli wala fedha ya dawa.

Upande wa pili upo Kilimanjaro, mkoa ambao katika tafiti nyingi unaonekana vizuri kwa fedha na kwa watoto. Umaskini wake ni mdogo, udumavu uko chini ya wastani wa taifa, na katika utafiti wa 2015/16 ni asilimia 6 tu ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokuwa wamepata mimba, wakati Katavi ilikuwa asilimia 45. Wengi husema ni kwa sababu ya kahawa. Lakini bei ya kahawa imepanda na kushuka mara nyingi, na watoto wa Kilimanjaro hawakuporomoka nayo. Kilichobaki ni shule zilizojengwa kwa vizazi kadhaa, ng'ombe wa maziwa aliye bandani nyuma ya nyumba, mgomba ulio karibu na jiko, na maji ya mifereji ya mlimani. Ni mambo yanayomfikia mtoto moja kwa moja, bila kwanza kupita mfukoni mwa mtu mzima.

Watoto wanaovuka mipaka ya mikoa

Ulinganisho wa mikoa una kasoro nyingine: unachukulia kwamba mtoto anakaa mahali pamoja. Wasomaji wa mijini wanajua kuwa sivyo. Kwa miongo mingi, Iringa na Njombe imekuwa ikitoa wasichana wa kazi za ndani kwa ajili ya nyumba za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Wengine ni watu wazima wanaotafuta riziki kihalali. Wengine ni watoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Hata hivyo, Utafiti wa Kitaifa wa Utumikishwaji wa Watoto wa mwaka 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, sawa na asilimia 28.8, wakiwa katika kazi zinazohesabiwa kuwa utumikishwaji, sehemu kubwa wakiwa katika kilimo. Wengine wako katika machimbo madogo ya dhahabu: shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2013 ikieleza watoto waliokutwa wakifanya kazi katika machimbo ya Chunya, Geita na Kahama, baadhi yao wakishika zebaki kwa mikono.

Msichana wa Kilolo anayefua na kupika katika nyumba ya Sinza anahesabiwa wapi? Katika takwimu za kaya anaingia Dar es Salaam, ndani ya nyumba yenye friji, televisheni na maji ya bomba. Kwa karatasi ametoka katika umaskini siku alipopanda basi. Kwa kweli amepoteza shule, na ujira wake aghalabu hutumwa nyumbani. Hali njema ya Dar es Salaam, kwa kiasi fulani, imejengwa juu ya utoto wa mikoa mingine, na hakuna safu ya jedwali inayoonyesha hilo.

Iringa iliwahi kuonyesha njia

Lipo jambo moja katika historia ya Iringa ambalo linafanya hali ya leo isivumilike. Mwaka 1983, Serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, kwa fedha kutoka Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Ulikuja kutajwa duniani kote kama mfano wa kuigwa.

Siri yake haikuwa misaada ya chakula. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa kijiji walipimwa uzito hadharani, na matokeo yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji. Wanakijiji wakauliza: huyu amepungua kwa nini? Kama ni mama hana muda, ikatafutwa namna ya kulea watoto kwa pamoja. Kama ni maji, likajadiliwa suala la maji. Hatua zikachukuliwa, na baada ya miezi mitatu watoto wakapimwa tena. Katika kipindi cha takriban miaka minne, watoto wenye uzito pungufu uliokithiri walipungua kwa zaidi ya nusu.

Tukumbuke kwamba hiyo ilikuwa ni miaka ya shida kubwa ya uchumi, maduka yakiwa matupu na sukari ikitolewa kwa foleni. Kipato cha mkoa hakikuwa kimepanda. Kilichobadilika ni kwamba mtoto alikuwa ajenda ya mkutano wa kijiji. Ni vigumu kupata ushahidi bora kuliko huo wa kwamba utajiri wa mkoa na hali ya watoto wake ni mambo mawili, na kwamba la pili linaweza kusogezwa mbele hata kama la kwanza limekwama.

Fedha zifuate nini?

Haitakuwa haki kusema kwamba Serikali imekaa kimya. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF umezifikia kaya zaidi ya milioni moja. Wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, ikiwemo ile ya Septemba 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na halmashauri zimeagizwa kutenga Sh1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka.

Mikataba hiyo ni hatua njema kwa kuwa inamfanya mkuu wa mkoa aulizwe habari za watoto, si za pamba na korosho pekee. Lakini agizo la Sh1,000 lina kasoro inayorudisha tatizo lile lile. Fedha zinatoka katika mapato ya ndani, na mapato ya ndani ya halmashauri yenye mji na viwanda si sawa na ya ile inayotegemea ushuru wa mazao. Kiasi ni kimoja kwa kila mtoto, awe katika mkoa wenye udumavu wa asilimia 20 au 57. Usawa wa namna hiyo haumsaidii aliye nyuma kumfikia aliye mbele.

Vivyo hivyo, urutubishaji wa unga, ambao umekuwa wa lazima kikanuni tangu mwaka 2011, umefanikiwa zaidi katika viwanda vikubwa vya ngano na mafuta. Mkulima wa Ludewa husaga mahindi yake mwenyewe katika mashine ndogo ya kijijini, mahali ambapo virutubisho havifiki. Anayenunua unga wa pakiti mjini anaweza kupata madini ya ziada. Aliyelima mahindi yenyewe hayapati.

Mambo matatu yanahitaji kubadilika, na hakuna hata moja linalohitaji mgodi mpya. Kwanza, kila ripoti ya pato la mkoa iambatane na hali ya watoto wa mkoa huo: waliodumaa, wenye upungufu wa damu, walioacha shule na walioko kazini, kwa asilimia na kwa idadi. Mkuu wa mkoa asisifiwe kwa tani za mahindi kabla ya kueleza vimo vya watoto. Pili, Serikali Kuu iongeze fedha za lishe kwa halmashauri kulingana na ukubwa wa tatizo, badala ya kuziachia zitegemee ushuru wao. Tatu, upimaji wa watoto urudi kijijini na mtaani, matokeo yakisomwa katika mkutano wa hadhara pamoja na mapato na matumizi, kama ilivyokuwa Iringa.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inakusudia kipato cha mtu mmoja kifikie dola 7,000 za Marekani kwa mwaka. Mtoto aliyezaliwa Iringa mwaka 2022 atakuwa na miaka 28 wakati huo. Yeye ndiye atakayetarajiwa kuendesha mitambo, kufundisha, kutibu na kulipa kodi ya uchumi huo. Siku zake 1,000 zimekwisha kupita. Za mdogo wake ambaye bado yuko tumboni ndizo zinazoanza kuhesabiwa sasa, katika nyumba ambayo huenda ina magunia 20 ya mahindi na haina yai hata moja la kumpa mama yake.